Mwendo wa maji kwenye rifujiamu: pima kwa ndoo kabla hujagusa koki

Koki ya rifujiamu hufunguliwa kwa macho. Mtu anazungusha kidogo, anatazama maji yanavyoingia, anasema yanatosha, anafunga mlango wa kabati. Baada ya miezi miwili mwani uko vilevile, umevaa vumbi la kijivu, naitreti haijashuka, na lawama zote zinaiangukia taa. Mara nyingi taa haina kosa. Maji ndiyo hayafiki.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaingia kwenye matangi ya maji chumvi: rifujiamu ni chumba ndani ya sampu, lile tangi la chini lenye pampu na kichuja povu (kifaa kinachotoa uchafu kwa kutumia povu), au ni tangi dogo la pembeni. Humo tunafuga mwani ili ule naitreti na fosfeti, yaani uchafu ulioyeyuka unaotokana na mavi ya samaki na mabaki ya chakula, na humo kopepodi na amfipodi, vijidudu vidogo vya majini, wanazaliana bila kuliwa na samaki. Ukivuna mwani ukautupa, umetoa uchafu nje ya mfumo. Kasi ya maji ndiyo inayoamua chakula kiufikie mwani kwa kiasi gani, ndiyo maana nimeipa makala yake peke yake.

Neno "polepole"

Ushauri wa siku zote ni kwamba maji yapite polepole ili mwani upate muda wa kuyanyonya. Ukiusikia unaona una mantiki, lakini maji ya tangi hayapiti mara moja yakaenda zake baharini. Yanazunguka. Lita ambayo haikunyonywa sawasawa sasa hivi itarudi tena baada ya muda mfupi, na tena, na tena. Cha kuangalia ni kinachotokea kwenye ngozi ya mwani wenyewe. Kila uzi umezungukwa na utando mwembamba wa maji yasiyosogea. Mwani unamaliza naitreti iliyomo kwenye utando huo, kisha unasubiri nyingine ipenye kutoka nje. Maji yakitembea vizuri, utando unakuwa mwembamba na kusubiri kunapungua. Yakituama, utando unanenepa, na mwani unakaa na njaa ilhali maji yaliyouzunguka yamejaa chakula.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, huko Unguja, wanalijua hili bila kuhesabu chochote. Spinosamu, aina ya mwani wanayoilima, haifungwi kwenye kidimbwi kilichotulia, inafungwa mahali maji yanapotembea. Panapotuama, mwani unavaa uchafu na magugu, na joto likizidi unapauka na kukatika. Ila hawaupeleki panapopiga mawimbi makubwa pia, maana utang'oka kwenye kamba. Hesabu ya rifujiamu ni hiyohiyo, kwa kipimo cha kabatini.

Sasa tuipige hesabu yenyewe, maana wengi hawajawahi kuiona. Chukua rifujiamu yenye urefu wa sentimita 50, upana 40, na kina cha maji 30. Hiyo ni lita 60. Ukiilisha kwa lita 480 kwa saa, yaani maji yake yabadilike mara 8 kila saa, watu watakuambia umefungulia sana. Haya, gawanya: maji yanapita kwenye uwazi wa sentimita 40 kwa 30, ambao ni mita za mraba 0.12. Lita 480 ni mita za ujazo 0.48. Jibu ni mita 4 kwa saa. Kwa sekunde ni milimita moja na kidogo. Kobe anayapita maji hayo huku amelala. Ili maji yote ya chumba yasogee sentimita moja tu kwa sekunde ungehitaji zaidi ya lita 4,300 kwa saa, na hakuna mwenye akili anayepitisha hizo kwenye chumba cha lita 60.

Kwa hiyo kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kimoja ni maji yanayoingia na kutoka, ambayo kazi yake ni kuleta chakula kipya kutoka tangi kuu. Cha pili ni maji yanayozunguka ndani ya chumba, ambayo kazi yake ni kuusugua mwani. Cha kwanza kinapimwa kwa ndoo na kurekebishwa kwa koki. Cha pili hakipatikani kwa kufungulia koki zaidi. Kinapatikana kwa kuelekeza mdomo wa bomba vizuri, au kwa kuweka pampu ndogo ya kusukuma maji humo ndani. Ukiwa na tangi kuu la lita 250, zile lita 480 zinatosha kabisa kwa chakula: maji yote ya tangi yanapita kwa mwani karibu mara mbili kila saa.

Kila mwani na mwendo wake

Keto, yaani Chaetomorpha, ule unaofanana na uzi wa nailoni uliojikunja, ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza. Haushiki mawe, unaelea bonge moja, na unavumilia mengi. Upe mara 5 hadi 10 ya ujazo wa rifujiamu kwa saa kama maji ya kuingia, na ndani maji yazunguke kiasi cha kuligeuza bonge taratibu ili kila upande upate zamu ya kuona taa. Bonge lisilogeuka linakuwa la kijani kibichi juu, kahawia katikati, na chini linaoza kimyakimya. Likizunguka kama nguo kwenye mashine ya kufulia umezidisha: nyuzi zinakatika na vipande vinakwenda kwenye pampu.

Gracilaria, mwani mwekundu, unataka kusukwasukwa zaidi kuliko keto. Ukituama unashika uchafu haraka sana. Caulerpa ni kinyume: unajishikiza kwenye mchanga au mawe, unapenda mwendo wa wastani, na haupendi kubadilishiwa mambo ghafla. Ukishtuka unaweza kugeuka mweupe kwa usiku mmoja na kumwaga mbegu zake kwenye maji, na naitreti yote uliyokuwa umeihifadhi inarudi tangini. Kwa mtu anayeishi na umeme wa kukatika, Caulerpa nauacha.

Kama chini umeweka mchanga mnene wa sentimita 10 au zaidi, au matope ya baharini, mara 3 hadi 5 kwa saa inatosha, na mdomo wa bomba uelekee juu usichimbe mchanga. Kwa lita 60 hiyo ni lita 180 hadi 300 kwa saa. Mchanga mnene na keto inayogeuka haviendi pamoja kirahisi kwenye chumba kimoja. Chagua kimoja, au weka kioo cha kugawa.

Mabomba

Sampu nyingi zinazouzwa zimepangwa mstari mmoja: maji yanashuka kutoka tangi kuu, yanapita kwenye kichuja povu, yanaingia rifujiamu, yanaishia kwenye pampu ya kurudisha. Kwa mpangilio huo huna koki yoyote. Chochote pampu inachorudisha juu ndicho kinachopita kwa mwani. Kama pampu inarudisha lita 1,700 kwa saa, chumba cha lita 60 kinabadilika mara 28. Mwani wa keto utaishi, lakini mchanga hautatulia na viputo vitakuwa tatizo.

Mpangilio bora ni kuweka chumba cha pampu katikati. Upande mmoja maji yanashuka na kichuja povu kipo, upande wa pili ni rifujiamu, na zote mbili zinamwagia katikati. Rifujiamu inalishwa na tawi kutoka kwenye bomba la pampu ya kurudisha: weka kiungo cha T baada ya pampu, shusha bomba la robo tatu inchi, tia koki. Njia nyingine ni pampu ndogo ya peke yake inayochota kwenye chumba cha katikati. Hii inaongeza matumizi ya umeme kidogo, lakini haikupunguzii maji ya tangi kuu kila unapoigusa koki, na ikifa mwani unaathirika bila samaki kuathirika. Kuchota tawi kwenye bomba la kushuka, wanavyofanya wengine, sikupendi. Maji hayo yana mavi ya samaki na mabaki ya chakula, yanashuka kwa kubabaika, na koki iliyofunguliwa nusu kwenye bomba la kushuka ni mwaliko wa kuziba. Likiziba, mafuriko hayatakuwa kwenye rifujiamu, yatakuwa sebuleni.

Koki ni mahali pa kuwa mwangalifu zaidi. Ile ya mkono mmoja, inayofunguka kwa kugeuza robo duara, haifai kurekebishia: ukiigusa kidogo tu mwendo unaruka. Inayofaa ni geti-valvu, ile ya usukani unaozungushwa mara nyingi. Tatizo ni kwamba geti-valvu za kawaida kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni za shaba ya njano, na hiyo ina shaba nyekundu ndani yake. Maji chumvi yanaila taratibu, na shaba kidogo tu kwenye maji inaua matumbawe, kamba, konokono, na hao kopepodi unaowafuga. Fundi bomba atakuhakikishia ni imara na haitavuja, na ni kweli, haitavuja. Usiiweke. Tafuta ya PVC tupu. Ukikosa, weka koki mbili za plastiki za robo duara kwenye bomba moja, moja nyuma ya nyingine: ya kwanza ikate mwendo kwa nusu, ya pili ndiyo ya kuchezea. Si nzuri kama geti-valvu lakini inafanya kazi. Angalia pia klipu za chuma za kubania mpira wa maji na springi zilizofichwa ndani ya koki za kuzuia maji kurudi. Chuma chochote kinachogusa maji kitaota kutu.

Mdomo wa bomba ndani ya rifujiamu nautengeneza hivi. Kipande cha bomba la nusu inchi, urefu sentimita 35, kinalazwa chini kando ya ukuta mrefu, mwisho mmoja umezibwa kwa kofia. Toboa matundu 8 ya milimita 5 kwenye mstari mmoja, yaachane sentimita 4. Jumla ya uwazi wa matundu hayo ni ndogo kidogo kuliko uwazi wa bomba lenyewe, ndiyo maana yote yanatoa sawasawa. Ukitoboa makubwa au mengi zaidi, ya mwanzo yatamaliza maji na ya mwisho yatalia tu. Kwa lita 480 kwa saa maji yanatoka kwenye kila tundu kwa kasi ya karibu sentimita 85 kwa sekunde, badala ya ile milimita moja. Geuza bomba matundu yaangalie juu kwa mshazari kuelekea katikati. Maji yanapanda ukutani, yanavuka juu, yanashuka upande wa pili, na bonge la keto linazunguka nayo. Usigundishe bomba hili. Lichomeke tu, maana utataka kuligeuza.

Njia ya kutokea iwe pana kuliko ya kuingilia, siku zote. Kama rifujiamu iko ndani ya sampu, maji yanavuka kioo chenye meno au wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 3 hadi 5. Wavu mwembamba zaidi unaziba kwa siku mbili. Kama ni tangi la pembeni lililoinuliwa, ingiza kwa robo tatu inchi na utoe kwa inchi moja na nusu, kisha weka tundu la pili la dharura sentimita 2 juu ya la kwanza, lisilo na wavu. Kipande kimoja cha keto chenye ukubwa wa ngumi kinatosha kuziba wavu wote usiku.

Anguko la maji kutoka rifujiamu kwenda chumba cha pampu lisizidi sentimita 2 au 3. Likizidi yanaanza kutengeneza viputo, pampu inavivuta, na tangi kuu linaonekana kama soda.

Kupima

Namba iliyoandikwa kwenye pampu ni ya pampu iliyo mezani, isiyopandisha maji popote. Pampu ya lita 3,000 kwa saa yenye uwezo wa kupandisha mita 2.5, ukiifungia bomba la mita 1.3 na elbo tatu, usishangae kupata nusu tu. Kuna jambo jingine linalosahaulika: pampu za umeme wa kawaida zinafuata mzunguko wa umeme. Zilizotengenezewa soko la Marekani zimeandikiwa hezi 60, na zaidi ya kuhitaji transfoma ya volti 110, kwenye hezi 50 za kwetu zinazunguka kwa kasi ya tano kwa sita. Maji yanapungua kwa kiasi hicho, na urefu wa kupandisha unashuka hadi karibu asilimia 70 ya ulioandikwa. Pampu za DC (za umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) zenye kidude chake cha kurekebishia hazina shida hii.

Basi pima. Tafuta ndoo ndogo au dumu lililokatwa, mimina lita 5 zilizopimwa, chora mstari kwa kalamu isiyofutika. Usiamini ndoo ya lita 10 kwa sababu imeandikwa 10. Nyingi zinaishia hapo ukijaza mpaka mdomoni. Chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu na nyingine ya nusu lita zinatosha kukupa kipimo cha kweli: tatu za moja na nusu, moja ya nusu, ndizo hizo lita 5.

Kwa nini lita 5 na si 10 au 20? Kwa sababu unachota kwenye chumba cha pampu. Chumba cha sentimita 30 kwa 40 kinashuka zaidi ya sentimita 8 ukitoa lita 10. Pampu inaanza kuvuta hewa, mwendo unabadilika katikati ya kipimo, na unaandika namba ya uongo. Kwa lita 5 kinashuka sentimita 4 tu.

Toa mdomo wa bomba, lete ndoo kwenye usawa uleule ambao bomba hutolea maji siku zote, maana ukiishusha chini unapata maji mengi kuliko hali halisi. Kama unatumia lile bomba la matundu, pima likiwa limechomekwa, maana matundu yenyewe yanapunguza mwendo. Hapo ndoo ndogo haitatosha kwa urefu. Tumia beseni refu. Hesabu sekunde kwa simu. Rudia mara tatu, chukua wastani. Kisha lita zidisha 3,600 gawanya kwa sekunde. Lita 5 kwa sekunde 37 na nusu ni lita 480 kwa saa. Kwa sekunde 60 ni 300. Kwa sekunde 100 ni 180.

Ukishapima tawi la rifujiamu, pima na maji yanayofika tangi kuu, kwa sababu ulichowapa mwani umewanyang'anya samaki. Tangi kuu la lita 250 nataka libaki na angalau lita 750 hadi 1,250 kwa saa kutoka sampu, yaani mara 3 hadi 5. Kama halifiki, usiibane rifujiamu. Nunua pampu ndogo ya pembeni.

Mambo ya Dodoma

Hapa kwetu hewa ni kavu, na kuanzia Mei hadi mvua za Desemba upepo haupumziki. Maji yanakauka kwa kasi ambayo vitabu vilivyoandikwa pwani au Ulaya haviitarajii. Na ukaukaji wote, wa tangi kuu na wa sampu, unaonekana mahali pamoja tu: chumba cha pampu. Vyumba vingine vinashikiliwa na vioo, havishuki. Ukipoteza lita 3 kwa siku, kile chumba cha sentimita 30 kwa 40 kinashuka sentimita 2 na nusu kila siku. Pampu inayochota hapo inapandisha maji kutoka chini zaidi kila siku, na koki uliyoiweka Jumatatu inatoa maji pungufu Alhamisi. Ndiyo maana mtu analalamika kwamba koki yake "inajifunga yenyewe."

Dawa ni dumu la maji safi lenye boya, mfano wa lile la tangi la choo lakini la plastiki tupu, linaloongeza maji yakishuka. Pima mwendo daima maji yakiwa kwenye usawa wa boya. Na maji ya kuongezea yasiwe ya bomba. Maji ya Dodoma yanachimbwa ardhini, mengi kutoka Makutupora, na kila mwenye birika anayaona magamba meupe yanayoachwa. Yanapokauka yanaacha madini yake tangini, wiki baada ya wiki. Tumia maji yaliyopita kwenye kichujio cha RO, kile cha utando unaozuia madini, na ukiwa na kipimo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka, hakikisha kinasoma karibu na sifuri.

La pili ni urefu wa mji. Tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Maji chumvi ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni pwani yana takriban miligramu 6.7 kwa lita. Hapa ni kama 5.9. Inatosha, lakini akiba ni ndogo. Kwa hiyo washa taa ya rifujiamu usiku wakati ya tangi kuu imezimwa, mwani utoe oksijeni wakati ambao wengine wote wanaivuta, na mwendo wa maji uhakikishe oksijeni hiyo inafika juu. Rifujiamu inayopitisha lita 100 kwa saa inajiwekea oksijeni yake yenyewe.

La tatu unalijua. Umeme ukikatika, bomba la matundu lililolala chini ya rifujiamu linageuka kuwa mrija wa kunyonya: maji ya rifujiamu yanarudi kupitia pampu mpaka yalingane na chumba cha katikati. Maji ya tangi kuu nayo yanashuka kupitia T ileile. Toboa tundu la milimita 6 kwenye bomba la kulishia, sentimita 1 chini ya uso wa maji ya rifujiamu, na jingine kwenye bomba la tangi kuu, ili maji yakishuka kidogo hewa iingie na unyonyaji ukatike. Matundu haya yanapenda kuota mwani na konokono. Yapitishie kijiti kila wiki. Koki ya kuzuia maji kurudi iwe ya nyongeza tu, kwani punje moja ya mchanga inatosha kuizuia isifunge. Jaribu mwenyewe: zima swichi, subiri dakika 10, tazama sampu imejaa mpaka wapi, chora mstari. Kisha washa uone kama pampu inaanza bila kuvuta hewa.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi usiku, mwani gizani unavuta oksijeni kama samaki. Betri ya kuendesha pampu ndogo ya DC ya rifujiamu ina maana kuliko betri ya taa. Ukikuta rifujiamu inanuka yai bovu, usiwashe pampu kwanza. Chota maji yake, toa mwani uliolegea, jaza maji mapya yenye chumvi ileile, ndipo uwashe.

Kung'uto na mizani

Kipimo cha naitreti kinayumba. Leo umelisha sana, kesho umebadilisha maji. Kinachosema kweli kuhusu rifujiamu ni uzito wa mavuno. Kila baada ya wiki mbili toa mwani wote, uweke kwenye kung'uto dakika 5 maji yachuruzike, pima kwa mizani ya jikoni. Rudisha uzito uleule ulioanza nao, kwa mfano gramu 300, tupa kilichozidi, andika gramu.

Sasa ongeza mwendo kwa robo. Kutoka 480 nenda 600. Usiguse taa, usiguse chakula cha samaki. Baada ya wiki mbili pima tena. Gramu zikipanda, mwani ulikuwa na njaa ya mwendo, na unaweza kuongeza robo nyingine. Zisipopanda, mwendo haukuwa tatizo; rudi ulikokuwa uangalie taa na chakula. Wengi wanageuza koki, taa na chakula siku moja, kisha hawajui kilichofanya kazi.

Mwani ukipauka na kuwa wa manjano huku naitreti ikisoma sifuri, mwendo zaidi hautausaidia, maana hakuna cha kuupelekea. Punguza saa za taa, lisha samaki zaidi kidogo, ulenge naitreti ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1. Mwani ukiwa na rangi nzuri lakini umefunikwa vumbi, hapo ndipo mahali pa mwendo: mdomo wa bomba umekaa vibaya, au bonge limekuwa kubwa mpaka maji yanalikwepa na kupita juu yake. Bonge likijaza theluthi mbili za chumba, vuna hata kama wiki mbili hazijafika. Utando mwekundu kama kamasi kwenye pembe ni alama ya pembe hiyo kutuama. Geuza bomba kabla ya kukimbilia dawa. Bonge likipanda juu saa chache baada ya taa kuwaka, likiwa na viputo vidogovidogo, ni oksijeni yake. Liache.

Pampu nayo inachoka bila kusema. Magamba ya chokaa yanashika kwenye rota, na mwendo unapungua kidogo kidogo kiasi kwamba jicho halioni. Kila miezi mitatu ifungue, iloweke saa 2 kwenye siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, isugue kwa mswaki wa zamani, isuuze. Ukiirudisha utakuta koki yako inatoa zaidi kuliko ulivyoiacha, kwa hiyo ndoo tena, sekunde tena. Namba na tarehe ziandike kwa penseli upande wa ndani wa mlango wa kabati. Wino unafutwa na unyevu wa chumvi, penseli inabaki.